Moshi Uliomjua Ngassa

Mama mdogo Coletha alinisimulia haya mwenyewe, na hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Mwaka 1986 alikuwa mhudumu katika zahanati moja ya misheni, upande wa Segese. Taka zilichomwa shimoni nyuma ya jengo: mabomba ya sindano, chupa za dripu, mifuko ya plastiki. Kazi hiyo ilikuwa ya Bibi Scolastika, mjane. Moshi wa plastiki, mweusi na mzito, ulimwachia macho mekundu. Na Usukumani miaka ile, bibi mwenye macho mekundu aliitwa mchawi.

Ng'ombe wa jirani yake, Ngassa, walipokufa, Scolastika alikutwa kitandani amekatwa mapanga. Hakuna aliyekamatwa.

Bruda Eustace, fundi wa misheni, akajenga tanuri la matofali lenye vyumba viwili. Cha chini kiliunguza taka. Cha juu kiliunguza moshi wenyewe kabla haujafika kwenye dohani.

"Hapa hataumwa mtu macho tena," alimwambia Coletha.

Siku ya kuliwasha, mchana kweupe, kijiji kikaja kutazama. Coletha akajaza plastiki, akawasha, akafunga mlango kwa komeo. Dohani haikutoa hata uzi wa moshi. Watu wakapiga makofi.

Kisha, ndani ya tanuri, mtu akakohoa.

Makofi yakakoma. Moshi mwembamba ukachungulia juu ya dohani. Haukupaa. Uliteremka ukutani, ukatambaa chini, ukapita katikati ya miguu ya watu. Haukumgusa yeyote. Ulikuwa unatafuta.

Ukamfikia Ngassa. Ukampanda kifuani. Ukaingia machoni.

Alianguka bila kupiga kelele. Coletha alipomwinamia, macho yale yalikuwa mekundu kama nyama mbichi.

"Mayu, nisamehe," Ngassa alinong'ona. "Mama, sikuwa peke yangu."

Hakuwa akimtazama Coletha. Alitazama nyuma yake.

Jioni hiyo aliwataja wenzake wawili kwa polisi. Walipofuatwa majumbani, walikutwa wamefunika macho mekundu kwa vitambaa vilivyolowa. Ngassa alipofuka kabla ya kesi.

Tanuri lilipopoa, Coletha na Bruda walifungua komeo. Plastiki yote ilikuwa imeteketea vizuri, majivu meupe, makavu. Karibu na mlango, kwa ndani, majivu yalikuwa na mashimo mawili ya magoti, kama ya mtu aliyepiga magoti kupuliza moto.

Coletha aliyagusa. Yalikuwa na majimaji, ya baridi.