Nani Aliulipia Utafiti?

Kinyozi alikuwa akimchonga mteja ndevu. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akishona karibu na mlango. Wakala wa kampuni ya kamari akaingia.

"Bosi, nitakuwekea mashine mbili hapa. Wateja wacheze wakisubiri zamu," alisema. Akatoa kijitabu chenye picha nzuri. "Usiogope maneno ya watu. Wataalamu wamechunguza. Kamari haina madhara."

Alipoondoka, mke alisimamisha cherehani.

"Baba Pacha, kaka yangu amefukuzwa kazi kwa sababu ya kamari. Hao wataalamu hawakumwona?"

"Mama Pacha, sisi ni nani tubishane na wasomi?"

Jioni jirani yao alikuja kujaribu gauni. Kazi yake ni kuhoji watu kwa ajili ya tafiti. Alifungua ukurasa wa mwisho wa kile kijitabu, penye maandishi madogo.

"Someni. Utafiti umelipiwa na kampuni yenyewe ya kamari."

"Kumbe kesi ya nyani, hakimu ngedere," alisema kinyozi.

"Nami nilikuwa mmoja wa wahojaji wake," jirani aliendelea. "Kampuni ilichagua maswali. Walioacha kamari baada ya kuumia hatukuwauliza. Kampuni iliisoma ripoti kabla haijatangazwa, na sura iliyohusu familia ikatolewa."

"Kwa hiyo yote ni uongo?" aliuliza kinyozi.

"Si lazima. Mtafiti anaweza kuwa mkweli. Ila anayekulisha ni vigumu kumwambia amekosa. Uliza: nani alilipa? Nani alichagua maswali? Je, watafiti wana ruhusa ya kutangaza hata habari mbaya?"

Wakala aliporudi, kinyozi aliuliza yote matatu. Wakala alitazama simu yake.

"Hayo yako makao makuu."

"Basi na mashine zibaki huko huko."

Miezi ikapita. Akaja mtafiti wa chuo kuchunguza madhara ya kamari. Kabla hajaketi, kinyozi alimuuliza maswali yale yale.

"Fedha ni za mfuko wa umma," alijibu. "Kampuni haina mtu kwenye kamati yetu. Matokeo tutayatangaza, yawe matamu au machungu."

Mama Pacha akaenda kumwita kaka yake. Kaka huyo alizungumza na mtafiti asubuhi nzima.

Ripoti ya mtafiti huyo ilisomwa na yule jirani kwenye mkutano wa mtaa. Ilieleza nyumba zilizovunjika. Ilisema pia kuwa madhara mengine ni madogo kuliko watu walivyodhani. Jirani alisoma na hayo, hakuruka. Ndiyo maana watu waliiamini. Wakakubaliana wote: mashine za kamari zisiwekwe mahali watoto wanaponyolewa.