Mstari Ulioshuka, Kahawa Iliyopoa

Ulikuwa msimu wa harusi, na duka la kuchapa kadi katikati ya Amman lilikuwa limefurika. Mama za mabibi harusi waligombea nafasi kwenye kaunta, mashine zilinguruma, na hewa yote ilinuka wino na karatasi moto. Katikati ya msongamano huo alisimama Qusai, kijana mrefu, shati lake limepigwa pasi upande wa mbele tu, amekumbatia rundo la karatasi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mama mmoja akamgonga kwa kiwiko. Rundo likamwagika sakafuni.

Msichana aliyekuwa nyuma ya kaunta akatoka kumsaidia kuokota. Alivaa koti refu la rangi ya zeituni na mtandio wa haradali, na ncha za vidole vyake zilikuwa na madoa ya wino wa dhahabu. Akasoma karatasi moja, akasoma ya pili, akainua macho.

"Kaka, hii ni nini? Hukumu ya mahakama?"

"Ni maelezo ya kampuni yangu. Nataka kuwaonyesha wawekezaji."

"Maskini! Wamekukosea nini?"

Qusai hakujua acheke au akasirike. "Kila neno hapo lina kazi yake, dada."

"Mengi mno, hata yanazuiana njia. Hebu nieleze kwa mdomo. Haraka, yule mama ananikodolea macho."

"Maji ya bomba yakija, tunajaza matangi juu ya paa, sivyo? Yakiisha kabla ya zamu yetu ya maji kurudi, hujui mpaka umekwisha kujipaka sabuni. Nimetengeneza kifaa kinachokaa ndani ya tangi. Maji yakikaribia kuisha, kinaliita boza la maji lililo karibu. Unaoga mpaka mwisho."

Msichana akaangua kicheko. "Juzi nimekwenda kwa jirani na povu la shampuu mpaka masikioni! Ungeanza na hilo povu, hata mimi ningekuwa mwekezaji." Akachukua kadi ya harusi kutoka kwenye kaunta, akampungia usoni. "Baba wa bwana harusi huyu alitaka ukoo mzima uandikwe. Nikamwambia, ami, kadi inasema nani, wapi na lini. Mengine watu watayaona ukumbini."

"Unaitwa nani?"

"Arij. Na hizo karatasi ziache hapa, usije ukaua mtu nazo."

Ndivyo yalivyoanza. Kila alasiri duka lilipopoa, Qusai alikuja na mkate wa ufuta na mayai ya kuchemsha, wakakaa kwenye meza ya nyuma mbele ya kompyuta. Arij alikata maneno kama mpishi anayemenya vitunguu. Ukurasa wa kwanza ukawa picha tu: mwanamke mwenye povu kichwani, ameshika bomba kavu. Ukurasa wa pili, kifaa ndani ya tangi. Wa tatu, boza likipanda mlima. Karibu na mwisho ukaja mstari wa wateja, ambao Arij aliuchora kwa wino uleule wa dhahabu wa kadi zake, ukiupanda ukurasa kama njia ya kwenda ngome ya mlimani.

Yaliyobaki waliyamalizia kwenye simu.

"Habibti, ukurasa wa pili nimeongeza sentensi moja."

"Itoe."

"Hujaiona!"

"Qusai, roho yangu, nakujua. Sentensi yako moja ina watoto na wajukuu."

"Na mimi je? Nami utanikata?"

"Wewe nitakupunguza tu pembeni."

Lakini mapenzi yao yalikuwa na mlango mmoja, na ufunguo wake walikuwa nao wawekezaji. Baba yake Qusai, aliyeendesha boza la maji maisha yake yote, alimwambia mwanawe waziwazi:

"Kijana, jaha ya kwenda kuposa ni heshima ya wazee. Tutakwenda kwa baba wa watu, tutamiminiwa kahawa, nami nitaweka kikombe chini niseme sinywi mpaka atupe haja yetu. Akiniuliza mwanangu anafanya kazi gani, nijibu nini? Anachora matangi? Wawekezaji wako wakikubali, nitawakusanya wazee hata kesho. Wakikataa, usinitie aibu."

Naye baba yake Arij alikuwa amekwisha kupokea salamu za posa za familia nyingine, familia yenye maduka. Arij alimwambia Qusai jambo hilo mara moja tu, kisha akarudi kwenye kompyuta.

"Ukurasa huu tukiuweka sawa," alisema bila kumtazama, "salamu zile zitajibiwa kwa salamu tu. Ila unisikie: usibadilishe chochote bila kuniambia."

"Nakuahidi."

Jioni ya kuamkia siku ya mkutano, simu ikaja kutoka ofisi ya wawekezaji. Mshirika wao, mama mmoja wa Kiholanzi, yuko mjini; maelezo yawe kwa Kiingereza. Arij alikuwa kwenye sherehe ya hina ya binamu yake. Qusai akaona asimharibie starehe. Akafungua kurasa, akafuta Kiarabu neno baada ya neno, akaandika Kiingereza palepale. Picha hakuzigusa. Alijiona amefanya kazi ya kiungwana.

Ofisi ilikuwa kwenye jengo la vioo. Qusai alivaa suti ya kaka yake, mabega yamemzidi. Mwenye mali, Abu Nawras, alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe na tasbihi ya kaharabu. Kando yake alikaa Bi Margriet, mwembamba, miwani juu ya paji la uso. Kahawa ikamiminwa. Qusai akakigugumia kikombe mara moja.

Abu Nawras akatabasamu. "Umekunywa kabla ya kuomba? Haya, omba."

Kurasa zilizoangazwa ukutani zikaenda vizuri. Kwenye povu, Bi Margriet alicheka. Kwenye boza, aliuliza swali zuri, Qusai akalijibu vizuri. Kisha ukaja mstari wa dhahabu.

"Na kama mnavyoona," Qusai alisema kwa fahari, "wateja wetu wanaongezeka kila mwezi."

Bi Margriet akashusha miwani. "Wanaongezeka? Hapa naona wanakimbia."

Qusai akageuka kutazama ukutani. Muda wote huo alikuwa akisema Kiingereza na kusoma Kiingereza, na macho yake nayo yakaanzia kushoto. Mstari ulianzia juu ukaporomoka mpaka chini. Akarudi ukurasa wa nyuma, akauleta tena ule, mstari bado unaporomoka. Abu Nawras alisubiri, punje za tasbihi zikigongana, tak, tak.

"Tutakupigia," mzee alisema mwishowe. Na kila mtu katika mji ule anajua maana yake.

Ngazi hazijaisha, Qusai alikuwa na simu sikioni.

"Umenichorea nini, Arij?"

"Salama kwanza! Vipi, wamekubali?"

"Wateja wanashuka! Mbele ya watu wote, mstari unashuka!"

"Unashuka vipi? Nimeuchora mwenyewe, unapanda."

"Nimeuona kwa macho yangu! Ni kosa langu. Nimechukua maisha yangu nikamkabidhi mchora kadi za harusi."

Nyuma ya Arij zilisikika mashine za duka.

"Rudia hilo neno," Arij alisema taratibu.

"Umelisikia."

"Nimelisikia. Nilitaka kujua kama na wewe umelisikia." Simu ikakatika.

Qusai alifika nyumbani akatupa kurasa mezani, akajilaza kifudifudi kwenye kochi na suti ya watu. Mama yake akaja kuweka chai ya majani ya maramia, akaokota ukurasa mmoja, akausogeza kwenye mwanga.

"Mashallah! Mstari umepanda hivi, utatoboa paa."

"Mama, usinitanie. Umeshuka."

"Umeshuka wapi? Unaanzia huku chini," kidole chake kikaanzia upande wa kulia, "unapanda, unapanda, unaishia huku juu. Hata miezi ulivyoipanga, Januari si hii hapa kulia? Au siku hizi mwaka unaanzia Desemba?"

Qusai akainuka. Akaitazama miezi, ambayo aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, kila mmoja mahali alipoukuta. Arij alichora kama wanavyosoma watu wao, kutoka kulia. Yeye aligeuza maneno, picha akaiacha ikitazama kwao.

Akampigia Arij. Haikupokelewa. Akapiga tena. Ikazimwa. Kisha akampigia Abu Nawras.

"Mgeni wangu anaondoka kesho adhuhuri," mzee alisema kwa sauti isiyoahidi kitu. "Njoo asubuhi. Ukurasa ule mmoja tu. Na mwanangu, usinivunjie heshima."

Asubuhi, duka lilipofunguliwa tu, Qusai alikuwa mlangoni. Arij alivaa mtandio mweusi. Hakumsalimu. Lakini mteja ni mteja. Akammiminia kahawa yenye iliki kama anavyommiminia yeyote, akaisukuma mbele yake.

Qusai akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakiweka chini.

"Hapa si kwa baba," Arij alisema. "Mambo ya jaha usiniletee dukani."

"Siombi mkono. Naomba msamaha. Lakini sinywi."

"Umekuja kwa ajili ya ukurasa."

"Ukurasa nimekwisha kuugeuza. Huu hapa. Kosa lilikuwa langu, niliandika Kiingereza bila kukuambia. Nimekuja kwa sababu ya lile neno."

Arij akauvuta ukurasa karibu. 

"Nilikesha na mstari huu," alisema. "Kadi za harusi ndizo zinazomlisha mama yangu, Qusai. Kadi zilezile."

"Najua."

"Ulijua hata jana." Akaugeuza ukurasa, na uso wake ukabadilika, kazi ilikuwa imemshika. "Halafu bado huoni. Jana mstari umeshuka, leo umepanda. Wewe ungeamini? Watasema umeupika usiku."

Qusai akautazama ukurasa upya. "Hilo sikuliwaza."

"Hukuwaza." Akavuta droo, akatoa karatasi nyembamba yenye kupitisha mwanga, ile inayofunikia majina kwenye kadi za bei kubwa. Mashine ikanguruma. Mstari wa dhahabu ukatoka, na miezi yake ya Kiarabu chini. "Twende. Nitaushika mwenyewe, wewe utautia mikunjo."

"Na kahawa?"

"Kahawa ibaki hapo ilipo. Sijasema kitu."

Wakapanda teksi mpaka kwenye jengo la vioo, wakapanda lifti. Bi Margriet alikuwa amekwisha kuvaa koti, sanduku lake limesimama mlangoni.

"Ukurasa mmoja," Abu Nawras alikumbusha.

Qusai akamwelekea Bi Margriet. "Jana nilishindwa kujibu kwa sababu hata mimi niliamini umeshuka. Nikatafuta wa kumtwisha kosa. Aliyechora ni huyu. Aliyeharibu ni mimi."

Arij akasogea dirishani, akaibandika karatasi kwenye kioo. Jua la Amman likaupenya mstari.

"Sisi tunausoma hivi, kutoka kulia," alisema. "Hivi ndivyo ulivyokuwa tangu mwanzo. Na huu ndio mnaousoma nyinyi." Akaibandua, akaigeuza nyuma mbele, akaibandika tena. Wino uleule, karatasi ileile, mstari ukapanda kutoka kushoto mpaka juu ya paa za nyumba zilizoonekana nje, na juu ya kila paa, matangi.

Bi Margriet alikwenda dirishani, akafuata mstari kwa kidole, akaigeuza karatasi mwenyewe, akaigeuza tena.

"Kwa hiyo jana," alisema polepole, "nilikuwa naanza kitabu mwishoni."

Abu Nawras akacheka mpaka tasbihi ikamponyoka. Kisha akawa mkali ghafla. "Mtaa wa mlima mmoja kwanza, kijana. Mmoja. Matangi ya pale yasipokauka kiangazi hiki, tutazungumza milima mingine. Na huyu binti awe ndani ya kampuni."

"Nina kazi yangu, ami," Arij alijibu. "Msimu wa harusi huu. Aje aniombe kwa adabu, nitafikiria."

Barabarani Qusai alitaka kupiga kelele za furaha, akaogopa. Alitembea hatua moja nyuma yake mpaka dukani. Mama wawili walikuwa wakisubiri kwenye kaunta. Kikombe kilikuwa palepale, kahawa imepoa, utando umetanda juu.

Qusai akasimama mbele yake, mikono nyuma kama mwanafunzi. Arij akavua koti, akalitundika, akafunga aproni. Akamhudumia mama wa kwanza. Akamhudumia wa pili. Qusai hakusogea.

"Kunywa," Arij akasema, bila kugeuka.

"Umesema?"

"Umesikia."

"Nimesikia. Nilitaka kujua kama na wewe umesikia."

Hapo akageuka, na kicheko alichokuwa amekizuia tangu jana kikamtoka pamoja na machozi. "Kunywa, Qusai!"

"Imepoa lakini."

"Inywe hivyohivyo. Nani aliyeipoza?"

Akainywa yote, mpaka mashapo, akikunja uso. Ilikuwa chungu, baridi kama maji ya tangi asubuhi ya Januari.

"Sasa mwambie baba yako akusanye wazee," Arij alisema, akikipokea kikombe. "Chao kitakuwa cha moto. Na kadi zetu nitachora mimi, ole wako uongeze neno."