Betri Isiyoomba Chaji

Kitu kikikupa bila kuchoka, kiulize kinakula wapi. Asio hakuuliza siku ya kwanza. Aliuliza baada ya mwezi mzima, na huo mwezi ndio uliomponza.

Betri ya boti ilikaa kwenye kona ya sebule yao, pale Burumba, juu ya kipande cha ubao. Haikuachwa ziwani. Kule Sio Port ukiacha betri ndani ya boti, asubuhi unakuta nyaya tupu zinakuchekea. Kwa hivyo kila Jumapili jioni, wageni wakishamaliza kuzungushwa majini na kujipiga picha, mumewe Eriaku aliifungua, akaipakia nyuma ya bodaboda kama mgonjwa, akaileta nyumbani. Katikati ya wiki aliiunganisha na balbu moja ya sebuleni, maana stima ya mtaa ule huja na kuondoka kama mgeni asiye na aibu.

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, Asio alikuwa anafagia akaona balbu inawaka kali mpaka inaumiza macho. Akagusa kifuniko cha betri. Kilikuwa na joto, tena si joto la jua. Lilikuwa la tumbo la mtoto mwenye homa.

"Baba Mitchelle, hii kitu uliichaji lini?"

"Tangu mwezi uliopita sijaichaji," Eriaku akasema, akijivuna. "Hiyo ndiyo inaitwa betri."

"Na inakula nini?"

"Wewe mambo ya betri utayajulia wapi."

Alisema hivyo huku akikohoa. Sauti ilikuwa imeanza kumkwama tangu Jumapili, naye alisingizia upepo wa ziwa.

Si kwamba hakuwa ameambiwa. Mzee Amollo, fundi wa betri karibu na maegesho ya malori, alimweleza mapema kwamba boti ya matembezi haitaki betri ya lori. Betri ya lori ni kama mlevi wa Ijumaa: inatoa nguvu zote kwa mpigo mmoja, injini inawaka, halafu inataka kulazwa. Taa na muziki hunyonya polepole siku nzima. Tafuta yenye sahani nene za madini ndani, inayovumilia kunyonywa, weka na ndogo ya kuwasha injini peke yake, na kila mwezi fungua vifuniko uangalie maji. Eriaku aliitikia ndiyo, ndiyo. Halafu siku moja ya mvua akarudi na betri ya lori, suruali imejaa matope hadi magotini, akasema ameinunua kwa dereva kule Malaba. Ile suruali hakuifua. Aliichoma. Asio aliona akanyamaza, na mwanamke aliyenyamaza kwa sababu kitu kizuri kimeingia nyumbani asije kusema hakuona.

Jumatano saa saba mchana, honi ikalia.

Haikulia barabarani. Ililia ndani ya nyumba, nzito, honi ya lori, kutoka kwenye kona ambako hapakuwa na honi, ila betri, waya mbili na balbu. Ikalia kwa urefu, ikanyamaza, ikalia tena, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Kukanuka yai bovu, ambayo ni harufu ya betri iliyozidishiwa chaji, lakini nyuma ya hiyo harufu kulikuwa na dizeli na udongo uliolowa, na siku hiyo Burumba haikuwa imeona tone la mvua.

Jirani yao Edith akachungulia dirishani. "Mama Mitchelle, mmenunua lori mkaliegesha kitandani?"

"Enda kwako, Edith."

"Naenda. Mkianza kubeba mizigo mniambie."

Asio alipogeuka, mume wake alikuwa ameketi sakafuni, mdomo wazi, na kilichotoka ni upepo mtupu.

Akamwita Amollo. Mzee akaja na kipimo chake cha kioo cha kunyonya asidi. Akafungua kifuniko cha kwanza, akanyonya, hakuna kitu. Cha pili, hakuna. Vyote sita vikavu, sahani zimemomonyoka zimekuwa tope jeusi chini. Na balbu inawaka.

"Mama," akanong'ona, "hii imekufa. Ilikufa kitambo."

"Sasa inawashwa na nini?"

"Nimechaji betri miaka thelathini na sijui. Wacha niitoe hapa."

Akaweka spana kwenye nati ya negative, ule upande wa hasi, akaifungua, akainua waya. Balbu ikazimika, na pumzi ya Eriaku ikakatika. Hakukohoa, hakupigania hewa, kifua kilisimama tu pale kilipofika, macho yakamtoka, midomo ikageuka rangi ya zambarau, na Asio akamsukuma mzee wa watu kando, akaikamata ile waya kwa vidole vyake, akaibandika mahali pake ikichoma ngozi, na balbu ilipowaka tu mume wake akavuta hewa kwa kishindo cha mtu aliyeibuliwa kutoka majini.

 Kisha Eriaku akanong'ona, kila neno likivutwa kama ndoo kutoka kisimani.

"Sikuinunua. Lori lilipinduka kwa kona, karibu na Chakol. Watu walikuwa wanabeba mafuta ya kupikia. Mimi nikaona betri."

"Na dereva?" Asio akauliza.

"Alikuwa ndani. Amebanwa na usukani. Alikuwa anapiga honi, ati watu wamtoe."

"Halafu?"

"Nilifungua negative kwanza. Kama fundi. Honi ikanyamaza."

Amollo akavua kofia. "Hapo sasa ukamtoa."

"Alinitazama kwa kioo. Akaendelea kubonyeza, na haikulia. Mimi nikaenda zangu."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Asubuhi yake akaja Selpher, mwombezi wa Chakol, mama aliyesifika kwa kufukuza majini kwenye nyumba za watu. Hakuleta ngoma wala kuku. Alikaa, honi ikalia, akaisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha.

"Ni jini gani hili, mama?" Asio akauliza.

"Ungekuwa na bahati kama ni jini. Jini ana kwao, ukimkemea anarudi. Huyu ni mtu anaita. Aliyeitwa ni mumeo, na hakuja. Sasa yeye amekuja."

"Anataka nini? Nichinje mbuzi?"

"Anataka kutolewa. Fungua hiyo waya, wataondoka wote wawili, na wewe utazika mmoja. Ukikataa, mumeo ataingia pale mwenzake alipokaa."

"Pale wapi?"

"Kwa kile kiti cha dereva."

"Mama, niombee kitu kingine."

"Sikubeba kingine." Selpher akakataa chai, akashika njia.

Basi Asio, aliyeambiwa mambo ya betri hatayajua, akawa fundi. Kila alfajiri, kabla ya kubandika uji, alijaza maji ya betri, yale safi ya chupa, si ya mfereji, mpaka yafunike lile tope jeusi, na kabla ya jioni yalikuwa yamenyweka yote. Alisugua ukungu wa kijani kwenye vichwa vya betri kwa magadi na maji ya moto, akavipaka grisi, akarudi kwenye kitanda kumfuta mume wake jasho, na akichelewa kidogo tu, balbu ikaanza kufifia, kucha za Eriaku zikawa nyeusi, naye akakimbia tena na chupa yake, wakati boti kule Sio Port inaoza na wageni wanapiga simu hazishikwi.

Siku ya tisa miguu ya Eriaku ilijikunja na kukataa kunyooka, kana kwamba kuna chuma kimelala juu ya magoti, na kifuani ukatokea mviringo wa damu iliyovilia, upana wa usukani, na chini ya kucha zake, mtu ambaye hajatoka kitandani wiki nzima, Asio akakuta matope mabichi. Mkono wa kulia ukaanza kubonyeza godoro. Akibonyeza, kona inalia. Akiachilia, kona inanyamaza, na macho yake yanaelekea mlangoni, yanangoja, halafu anabonyeza tena, mchana kutwa.

Alasiri moja hakuutazama mlango. Alimtazama Asio, akaitazama spana iliyolala juu ya ubao, akamtazama Asio tena. Macho hayo hata asiyejua kusoma angeyasoma: fungua.

"Nakusikia," Asio akasema polepole. "Nakusikia, baba Mitchelle."

Eriaku akafumba macho. Mkono ukalegea, uso ukatulia, kama mtu aliyebanwa ambaye hatimaye amesikia hatua za watu zikija upande wake.

Asio akapiga magoti kwenye kona, akaishika ile nati ya negative kwa spana, akaikaza mpaka ikakataa kuzunguka.