Kadi ya Dhahabu ya Dokta Silvester

Asubuhi ile Kakese ilikuwa imetulia. Umande ulikuwa bado kwenye majani ya muhogo, na Gaju, ng'ombe pekee wa Médiatrice, alisimama zizini akicheua polepole, tumbo limeshuka, siku zake zimetimia. Wenzake wote waliuzwa mmoja mmoja wakati wa ugonjwa wa marehemu mumewe. Huyu ndiye aliyebaki. Aline, binti yake, alishaosha kibuyu cha maziwa.

Nyie mnaosoma, msiwe na haraka ya kuona huruma. Kwanza niwakumbushe mlichosahau, maana mimi sisahau.

Miaka sita namba ya Dokta Silvester, bwana mifugo, ilikuwa ukutani kwa Médiatrice. Dokta aliiandika mwenyewe kwa mkaa, tarakimu kubwa kama viganja, nyumba hadi nyumba. Simu ya mama ni kitochi, na kuhifadhi majina hajui. Alikuwa anasimama mbele ya ukuta, anabonyeza moja moja, na pikipiki ya dokta inafika. Nani alilalamika? Hakuna!

Kisha Silvester akaenda semina, akaambiwa mtu wa maana ana kadi ya biashara. Sawa, kadi si dhambi. Lakini kule steshenari hakuuliza mteja wake ataisomaje. Aliuliza kadi ipi inawapita wenzake wote. Ikatoka nyeusi ya kung'aa, picha yake na tai, vyeo vinne kwa Kiingereza, Mkurugenzi Mtendaji wa yeye na pikipiki yake. Namba yake je? Katikati kabisa, kwa dhahabu, nyembamba kama unywele. Na chini, kwa tarakimu nyeupe nene, namba ya steshenari iliyochapa.

Akapita na kitambaa kibichi akifuta kuta.

"Mama, mkaa ni ushamba. Shika hii."

"Yaani huyu mwenye tai ndiye wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Umenenepa humu, dokta."

Wakacheka. Médiatrice akaikunja kadi, akaifunga kwenye pindo la khanga, kama mama yeyote wa hapa anavyohifadhi kitu cha thamani.

Basi, saa tano siku hiyo Gaju akalala chini, akaanza kusukuma. Ukatoka mguu mmoja tu. Jirani yao Ngusa, mfugaji wa siku nyingi, akaja mbio, akapaka sabuni, akajaribu. Vidole vikagusa shingo, mkono ukagoma kupita.

"Kichwa cha ndama kimegeukia nyuma, dada. Hii ni ya dokta. Mpigie."

"Kadi yako iko wapi?" Médiatrice akamuuliza.

"Mke wangu kaenda nayo msibani Misunkumilo. Toa yako."

Médiatrice akafungua pindo. Kadi ilikuwa imevunjika pale ilipokunjwa, katikati, na dhahabu imebanduka na jasho. Zilibaki sifuri, saba, na vumbi linalometameta. Aliigeuza juani, akaisogeza machoni, akautazama na ukuta pia, ukuta mtupu. Aline akapanda bodaboda kumfuata dokta kwake Ilembo.

Namba iliyosomeka ni ile ya chini. Médiatrice akaipiga.

"Steshenari, karibu," alipokea msichana, jina lake Romana.

"Mwanangu, namtafuta Dokta Silvester. Ng'ombe wangu anakufa."

"Jamani! Katoka hapa sasa hivi, kachukua kadi nyingine mia mbili."

"Mkimbilie!"

"Kashawasha pikipiki, mama. Hata sijui kaelekea wapi."

"Nitajie namba yake basi."

"Iko kwenye kompyuta, na umeme umekatika. Subiri, kuna kadi ya mfano tumeigandisha ukutani. Sifuri... saba... Humu giza, mama. Hii dhahabu sioni."

"Angalia vizuri, mwanangu."

"Naangalia, mama. Nasogeza na tochi, inaniwaka machoni tu..."

Salio likakata.

Gaju alikuwa anamtazama. Médiatrice akakaa chini, akaweka kichwa cha ng'ombe mapajani. "Mana yanje," alisema kwa Kirundi, Mungu wangu. Aline alirudi saa saba: mlango wa dokta ulikuwa na kufuli. Saa nane Gaju akaacha kusukuma. Ndama hakutoka kabisa.

Jioni Silvester akafika mwenyewe, habari zimemkuta njiani.

"Mama, kwa nini hukunipigia?"

Médiatrice akampa kadi. Silvester akaielekeza kwenye mwanga huku na huku, akafumba jicho moja. Kisha mkono, kwa mazoea, ukaingia mfukoni ukatoa nyingine mpya.

"Hii ni nzuri zaidi," alisema kwa sauti ndogo.

"Nikuite uje kumtibu nani, dokta?"

MAFUNZO

Ndugu zangu, Silvester si mchawi wala si mwizi, na ndiyo maana nina hasira. Alitaka kuonekana, akasahau kupatikana. Kadi ni ya anayeishika, si ya anayeigawa. Andika jina, kazi unayofanya, na namba moja kubwa nyeusi kwenye karatasi nyeupe, kwa lugha ya wateja wako. Kabla hujachapa, mpe bibi mmoja aifunge kwenye khanga wiki nzima, halafu akusomee. Akishindwa, irudishe. Na nyie mnaopewa kadi, acheni kusifia tai. Ulizeni namba iko wapi mbele yake huyo huyo. Tulicheka, tukapokea, tukakunja. Gaju tumemzika sisi sote.