Nyumba Iliyokuja kwa Malori Mawili

Jumamosi asubuhi, Nelda Boersma alikuwa jikoni akiongea na mjukuu wake kwa simu ya video, wakionana nyuso tu. Mumewe, Harlan, alikuwa juu ya paa.

Hivyo ndivyo Jumamosi zao zilivyokwenda kila vuli. Majani yalianguka, yakaziba mifereji ya paa, na Harlan akapanda ngazi kuyatoa. Harlan alikuwa na miaka sabini na miwili. Ngazi nayo haikuwa kijana.

"Bibi, utakuja lini?" aliuliza Hattie, mjukuu.

"Nitakuja, mpenzi wangu. Karibuni tu."

Nelda aliona aibu kusema hivyo. Hattie alikuwa na miaka mitatu, na bibi yake hajawahi kumshika hata mkono. Janna, binti yao na mama yake Hattie, alihamia Oregon na mumewe, na Oregon ni mbali sana na Michigan walikoishi wazee, upande wa pili wa Marekani. Kila mwaka Nelda aliweka akiba ya nauli. Kila mwaka nyumba iliila ile akiba. Mwaka wa kwanza iliharibika boila, mtambo wa kupasha nyumba moto. Mwaka wa pili lilivuja paa. Mwaka wa tatu maji yalijaa chumba cha chini ya ardhi, na Harlan akashinda humo wiki nzima na buti zake na ndoo.

Ilikuwa nyumba kubwa ya mbao, ghorofa mbili, vyumba sita. Watu wawili walilala katika kimoja. Vile vingine vitano vilikuwa vinapashwa moto bure.

Mara Nelda akasikia kishindo nje, kisha sauti ya mumewe. "Nelda! Njoo! Usikimbie, lakini njoo haraka!"

Alitoka mbio. Ngazi ilikuwa imelala kwenye majani. Harlan alikuwa ananing'inia kwenye mfereji, miguu inapiga hewa.

"Mungu wangu! Shikilia hapo hapo!"

"Unadhani nitakwenda wapi?"

Kwa bahati Rhoda Pruitt alikuwa anapita. Rhoda alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, na rafiki wa Nelda wa kanisani. Mkononi alikuwa na bakuli la viazi na jibini la kumpelekea mgonjwa. Aliliweka chini, akainua ngazi, akaibana kwa bega.

"Teremka, shemeji. Polepole. Mguu wa kulia. Huo ni wa kushoto."

Harlan alifika chini salama. Akajipangusa suruali, akasema kwamba ngazi za siku hizi hazitengenezwi vizuri. Ile ngazi alikuwa ameinunua kabla Janna hajazaliwa.

Nelda hakucheka.

"Harlan, nisikilize," alisema. "Mimi niliolewa na mume. Sikuolewa na paa. Nataka mume wangu awe mzima, na nataka kumwona mjukuu wangu. Hii nyumba haitaki nipate hata kimoja."

Harlan aliiondoa ngazi ukutani, akailaza kwenye majani.

"Njooni kwangu kesho mnywe kahawa," alisema Rhoda. "Mje mwone ninavyoishi."

Harlan akakunja uso. Rhoda aliishi katika nyumba iliyojengwa kiwandani, kwenye mtaa wa nyumba za namna hiyo upande wa pili wa mji. "Kwenye yale makopo?" alinong'ona.

"Nimekusikia, shemeji," alisema Rhoda. "Njoo uone kopo langu."

Kesho yake walikwenda. Harlan aliingia kama mkaguzi. Aligonga kuta. Alirukaruka sakafuni. Aliweka kiganja dirishani kutafuta upepo, akaukosa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, jiko pana, na mashine ya kufua nguo palepale karibu na bafu. Hapakuwa na ngazi ya kwenda juu wala ya kwenda chini. Nelda alikaa kitini, magoti yake yakashukuru.

"Inapashwa moto kwa kitu gani?" aliuliza Harlan.

"Kwa tanuri dogo la gesi. Bili yangu ya mwezi hailingani hata na yako ya wiki."

"Na theluji? Paa litaibeba?"

Rhoda akafungua mlango wa kabati la jikoni. Ndani yake palikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye ramani ya nchi.

"Hapa ndipo pa kuangalia kwanza. Nyumba hujengwa kwa ajili ya sehemu fulani ya nchi. Hii yangu ilijengwa kwa theluji na baridi ya huku. Iliyojengwa kwa ajili ya kusini haina paa la kubeba mzigo huo. Ukiletewa nyumba ya kusini kwa bei ya kutupa, usiguse."

"Na upepo ukivuma?"

"Imefungwa ardhini kwa nyaya za chuma. Ila kimbunga kikitangazwa, sikai humu. Nakwenda kwenye jengo la kujikinga, lile la matofali pale getini. Na wewe ukija, mtaa usio na mahali pa kujikinga usiuchague."

Walikaa mpaka jioni. Harlan akapiga magoti yake kwa viganja, akasema, "Haya basi, sisi twende." Watu wa huku wakisema hivyo, jua kwamba bado wapo sana. Waliongea mlangoni, wakaongea barazani, wakaongea gari likiwa limeshawashwa. Njiani Harlan akasema, "Sakafu yake haiyumbi."

Nelda aliangalia dirishani ili asionekane anatabasamu.

Sasa Harlan ana tabia moja. Ni mgumu kuanza, lakini akishaanza hashikiki. Siku ya tatu alirudi nyumbani mashavu mekundu kwa furaha.

"Nimepata! Nyumba safi, imeshawekwa kwenye kiwanja, karibu na kijito. Bei yake nusu ya nilivyofikiria! Muuzaji ni mtu wa watu, kanipa kahawa na maandazi. Kesho natia saini."

"Umeangalia kabatini?"

"Nimeangalia. Ni ya huku huku. Nina akili, mama."

Nelda akampigia simu Rhoda. Rhoda akauliza swali moja tu: "Ameiona siku ya jua au siku ya mvua?"

"Ya jua."

"Basi mwambie asitie saini mpaka mvua inyeshe."

Harlan alinuna. Muuzaji alisema kuna mteja mwingine anaitaka. Wauzaji wote wana mteja mwingine anayeitaka. Lakini Nelda alisimama mlangoni na kushika kiuno, na Harlan hapendi kupita mahali mke wake alipojishika kiuno.

Mvua ilikuja baada ya siku mbili, kubwa. Wote watatu walivaa buti wakaenda. Walipofika, kijito kilikuwa kimetoka mahali pake. Maji yalikuwa yamezunguka ngazi za mlango. Kipande kimoja cha ukuta mfupi unaofunika chini ya nyumba kilikuwa kimelegea. Wakiwa wamesimama wanatazama, bata akatokea chini ya nyumba, akaogelea taratibu mpaka uani.

Rhoda akasema, "Huyo ndiye mteja mwingine."

Nelda alicheka mpaka akamshika Rhoda mkono asianguke. Harlan alijizuia kidogo, akashindwa, akacheka kuliko wote.

"Nieleze basi," alisema alipopata pumzi. "Kidimbwi kitanidhuru nini, na sakafu iko juu?"

"Nyumba imekaa juu ya nguzo fupi," alisema Rhoda. "Udongo ukilowa kila mara, nguzo zinazama, nyingine sana, nyingine kidogo. Nyumba inapinda. Milango inakataa kufunga, kuta zinapasuka, sakafu inaota ukungu. Utarudi kufanya kazi kama ya kule kwenu, tena umelala chali kwenye matope."

"Na mimi nimeshachoka na ndoo," alisema Harlan.

"Jambo lingine, shemeji. Ardhi uliulizia?"

"Ardhi gani? Si nanunua nyumba?"

"Nyumba inakuwa yako. Ardhi inabaki ya mwenye mtaa, na utailipia kodi kila mwezi. Sasa uliza: kodi ni kiasi gani? Inaweza kupanda mara ngapi, na kwa kiasi gani? Nani anazoa theluji barabarani? Mtaa ukiuzwa, mkataba wenu unaendelea? Jumlisha kodi hiyo na malipo ya nyumba na bima ndipo useme ni rahisi. Na yote yawe kwenye mkataba ulioandikwa. Maneno ya mdomoni yataisha pamoja na maandazi."

"Na wewe ulijuaje haya yote?"

Rhoda akavuta kofia yake ya mvua. "Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa paleee, pembeni," alisema, akionyesha kiwanja kitupu chenye maji. "Niliiona siku ya jua."

Tangu hapo waliongozana. Walikwenda mitaa mitatu, na kila mmoja waliurudia siku ya mvua. Waliongea na wakazi bila meneja wa mtaa kuwepo. Mwishowe Nelda alipenda kiwanja kilichoinuka kidogo katika mtaa wa Rhoda, nyumba nne kutoka kwake. Mkataba wa ardhi ulikuwa wa miaka mingi na ulisema wazi kodi inavyoweza kupanda. Harlan aliusoma mara mbili, kisha akampa mwanasheria wa kanisani kwao ausome naye. Nyumba mpya wakaiagiza kiwandani.

Nyumba ya zamani ilinunuliwa na kijana mmoja na mkewe, wenye watoto wanne na mikono yenye nguvu. Harlan aliwaonyesha kila bomba. Watoto walikimbia juu na chini, vyumba vyote sita vikajaa kelele, na Nelda akafurahi kusikia hivyo. Nyumba ilikuwa imepata watu wa kuitosha.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya kupunguza vitu. Waliviweka uwanjani, vikabandikwa bei, na majirani wakaja kununua, kama ilivyo desturi ya huku. Harlan ndiye alikuwa muuzaji, na hajapata kuonekana muuzaji mbaya kama yule.

"Hii keekee ya kutobolea mbao inafanya kazi?" mtu aliuliza.

"Inafanya, lakini ina tabia zake," Harlan alijibu akiivuta kwake. "Huwezi kuipenda."

Mchana Nelda alimfukuza akakae jikoni. Vitu vikaisha kabla ya jioni.

Siku ya nyumba kufika, mtaa mzima ulitoka. Walileta viti vya kukunja, wakaleta watoto, mtu akaleta pai mbili za tufaha. Kwanza lilitokea gari dogo lenye taa za kumulika, la kutahadharisha njiani. Nyuma yake likaja lori likivuta nusu ya nyumba, ubavu wake umefunikwa kwa plastiki. Kisha likaja lori la pili na nusu nyingine.

"Tazama, mama," alisema Harlan. "Jiko lako linapita barabarani."

Mafundi walisukuma nusu mbili taratibu mpaka zikagusana. Watu wakapiga makofi. Harlan aliwasumbua mafundi kwa maswali. Aliwataka waweke pimamaji sakafuni mbele ya macho yake, kila chumba, aone kwamba haikuinama. Aliingia chini kwa tochi kuhesabu nyaya za kuifunga ardhini. Alihakikisha mabomba yamevikwa vizuri ili yasigande. Fundi mkuu hakukasirika.

"Laiti wote wangeuliza hivi," alisema. "Nisingekuwa narudi kurekebisha."

Majira ya baridi yalikuja. Theluji ililala juu ya paa, na paa likatulia. Trekta la mtaa lilizoa theluji barabarani. Bili ya kwanza ya gesi ilipofika, Harlan aliigeuza nyuma na mbele, akidhani kuna ukurasa umepotea. Na akiba ya nauli, kwa mara ya kwanza, ilikaa pale ilipowekwa.

Jioni moja mwezi wa pili, Nelda alikuwa anaosha vyombo. Harlan akaja na simu, akaiweka mbele yake. Palikuwa na tiketi mbili za ndege, za kwenda Oregon.

Nelda alisahau bomba likiwa wazi. "Lakini nyumba je? Baridi hii? Nani ataiangalia?"

"Iangaliwe ina nini? Nafunga koki kuu ya maji, nayatoa maji mabombani, naacha joto dogo. Rhoda atachungulia mara moja moja. Nimeshamuuliza."

Nelda akamkumbatia kwa mikono yenye povu. Alilia kidogo, na hakuona haya.

Waliposhuka kwenye gari nje ya nyumba ya Janna, mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Mlango ulifunguliwa. Hattie alisimama kizingitini na soksi zake zisizofanana, akamtazama Nelda kuanzia kichwani, polepole, mpaka chini kwenye viatu. Macho yakamtoka. Akageuka, akapaza sauti ndani ya nyumba:

"Mama! Njoo uone! Bibi ana miguu!"