Regyuleta ya Mkunga

Jumamosi saa sita mchana duka la vifaa vya michezo lilikuwa limefurika kiasi kwamba ukikanyagwa, unaomba radhi wewe. Katikati ya zogo hilo alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani lililomkaa vizuri na viatu vya kazini visivyolingana nalo kabisa. Mdomoni aliuma regyuleta, kile kifaa mzamiaji anachovutia hewa ya mtungi akiwa chini ya maji. Alikuwa mkunga. Baada ya miaka tisa ya kelele za leba, alimwambia dada yake kwamba anatamani mahali ambapo mtu hawezi kupiga kelele hata akitaka. Dada yake akamwandikisha kozi ya kuzamia, na sasa ilibaki achague kifaa chake cha kwanza.

"Chukua hii, dada," muuzaji alimsihi. "Inakwenda mpaka chini ya barafu."

Mkunga aliitoa mdomoni. "Barafu yangu yote iko kwenye friji."

Nyuma yake mtu alicheka. Alikuwa fundi wa duka, mrefu, ovaroli lake la bluu limepigwa pasi, mikono yake misafi kama ya daktari.

"Utazamia maji gani?" akamuuliza.

"Ya vuguvugu. Na sishuki sana, roho yangu naipenda."

"Nani atakufanyia sevisi?"

"Si wewe?" Lilimtoka kabla hajalifikiria, akaona haya mwenyewe.

Fundi alimpa seti nyeusi isiyo na urembo: kichwa cha kufunga kwenye mtungi, kipande cha mdomoni, geji ya kuonyesha hewa iliyobaki, na mdomo wa akiba wa rangi ya njano, wa kumpa mwenzako akiishiwa. "Hii spea zake zipo mjini. Vuta. Taya zinauma?"

"Haziumi."

"Basi ndiyo hiyo. Ya kwanza isiwe ya kujionyesha. Haina mbwembwe."

"Kama wewe?"

"Mimi ninazo, nimeziacha nyumbani. Njoo Jumatano, nitakuwa nimeshaipima."

Jumatano alimkuta kwenye karakana ya chini ya duka. Ukutani zilining'inia regyuleta kama thelathini, mipira yake ya kupitisha hewa imelegea, na chumba kilikuwa kimya kupita kiasi, kama chumba ambacho watu wamenyamaza kwa sababu umeingia. Fundi alikuwa amekaa kwenye stuli, macho amefumba, seti ya mkunga ikiwa mdomoni, anavuta na kutoa hewa. Alikaa hivyo dakika kumi nzima. Kisha akakaza parafujo kidogo kwa bisibisi, akavuta tena.

"Geji inasema hewa inatoka," alimweleza. "Haisemi kama mtu atastarehe. Kipimo cha mwisho ni mdomo wangu."

"Kwa hiyo tumeshabusiana," mkunga alisema.

Fundi aliangusha bisibisi.

Mapenzi yao yalianzia hapo, na yalikwenda mbio. Simu hazikukatika. "Umekula, mkunga wangu?" "Nimekula nusu, nusu imeliwa na zamu." "Leo wamezaliwa wangapi?" "Sita, na mmoja ana masikio kama yako, maskini." Fundi alikuwa amemwambia mapema kwamba ni mjane, mwaka wa tatu sasa, na mkunga hakumchimba. Kilichomsumbua ni kitu kimoja tu. Wakati mwingine fundi alimtazama kwa upendo mkubwa, lakini macho yake yalikuwa yakimpita kidogo, kana kwamba aliyependwa amesimama nyuma yake.

Jumapili moja, saa tano asubuhi, alishuka na seti yake kwa mara ya kwanza, kwenye bwawa la kuogelea la chuo cha kozi yake. Wenzake walibaki na mwalimu kwenye kina kifupi. Yeye alipiga magoti chini, upande wenye kina, akasikiliza pumzi yake: nne kuingia, nne kutoka. Kisha akasikia nyingine.

Ilikuwa ndefu, ya kuhesabu hadi saba, halafu ilikwama kidogo mwishoni, kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema neno zito. Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Alitulia kabisa bila kuvuta hewa, kinyume na alivyofundishwa, na ile pumzi iliendelea, saba na kukwama, saba na kukwama, karibu na sikio lake. Vinyweleo vilimsimama ndani ya maji. Yeye aliyeishi kwa kuhesabu pumzi za watu alijua kwamba huo si mwangwi wake.

Alipotoka alimpigia fundi akiwa hajakauka.

"Kuna mtu anapumua kwenye kifaa changu. Usinicheke."

Fundi hakucheka. "Anahesabu hadi saba?"

"Ndiyo."

"Halafu inakwama."

Mkunga aliganda, simu sikioni. Hakuwa ametaja saba wala kukwama.

Alikwenda karakana moja kwa moja, nywele zikidondosha maji. Kila seti ilikuwa na kadi yake ya vipimo kwenye kabati. Alitoa yake, na fundi, bila kuulizwa, akatoa nyingine iliyofifia kingo, yenye neno moja juu: Mke. Tarakimu za kadi hizo mbili zililingana moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho.

"Miaka minane nilimpimia yeye kifaa chake cha kuzamia," fundi alisema. "Mwisho mapafu yakachoka. Nilikaa kitandani kwake, mchana kutwa, nahesabu. Sikukusudia, nakuapia. Mikono ilikwenda yenyewe."

"Umenipimia pumzi za marehemu."

"Mpenzi wangu..."

"Unamwita nani?" Mkunga alikuwa akilia sasa, na hakujali. "Mimi nataka kupendwa mimi, na pumzi zangu fupi hizi. Ukinishika mkono, unamshika nani? Niambie ukweli, nitauvumilia."

Fundi aliitazama ile kadi iliyofifia. Mkunga alichukua seti yake akaondoka.

"Rudisha hicho kifaa," dada yake alimshauri. "Na mwanamume mrudishe hukohuko, kama bado ana waranti."

Siku kumi na mbili hakupokea simu. Alijikaza kazini na akajifanya hamnazo kila alipoulizwa mbona amekonda. Siku ya kumi na tatu, saa nane mchana, alipokea kwa kujisahau, mkono mmoja ukifunga tepe ya kitambulisho kwenye mguu wa kichanga. Fundi alishindwa kusema. Ilisikika pumzi yake tu.

Saba. Kukwama.

Mkunga alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Akasikiliza tena, kwa umakini aliokuwa akiwapa wanawake wa leba. Saba, halafu kukwama.

"Hivi wewe umekuwa ukipumua hivyo tangu lini?" akamuuliza.

"Vipi?"

"Kama yeye. Mikono yako haina kosa. Kifaa ulikipima kwa mdomo wako sawasawa. Tatizo ni kwamba mdomo wako unapumua pumzi zake. Ulikaa pale ukihesabu, ukaendelea." Sauti yake ilipungua ukali. "Usiondoke hapo. Nakuja."

Zamu ilipoisha alipitia seti yake nyumbani, akamkuta fundi kwenye stuli ileile. Hakumkumbatia kwanza. Alimwekea kiganja mgongoni, chini ya mabega, kama afanyavyo kwa kila anayeogopa.

"Toa hewa. Usihesabu. Usimeze. Itoe yote."

"Siwezi."

"Wanawake wote husema hivyo, na watoto hutoka. Toa."

Ilichukua karibu saa nzima. Mara ile pumzi ilikwama na kurudi, mara ilikwama na kurudi, mpaka ghafla ikapita. Fundi akalia kwa sauti kubwa ambayo mkunga hakuitarajia kwa mtu mpole kiasi kile. Ukutani mipira ya regyuleta ilitikisika, ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Wote wawili waliiona.

Fundi alipotulia, aliomba seti ya mkunga. Safari hii hakuitia mdomoni. Alimpa mkunga aivute, akaweka sikio mgongoni kwake na kurekebisha parafujo kwa kumfuata yeye.

"Una pumzi za haraka," alinong'ona. "Kama mtu mwenye habari nzuri."

"Ndivyo nilivyo. Ungeuliza."

Jumapili iliyofuata walishuka pamoja bwawani kwa mtungi mmoja, mkunga kwenye mdomo mweusi, fundi kwenye ule wa njano. Mkunga alisikiliza akiwa na roho mkononi. Alisikia nne zake. Kando yake alisikia pumzi ngeni, ya kubahatisha, ya mwanamume anayejifunza upya, na ilikuwa ya fundi mwenyewe. Furaha ilimjaa mpaka maji yakaingia kwenye miwani yake.

Waliibuka, wakafunga mtungi, wakaweka kila kitu ukingoni. Bwawa lilikuwa tupu. Hapo ndipo mapovu yalipoanza kupanda kwenye kona yenye kina, mfululizo mmoja mwembamba. Yalipanda kwa muda wa kuhesabu hadi saba, yakakatika, kisha likafuata moja dogo.

Fundi alishika ukingo kwa mikono miwili. Alimtazama mkunga, na safari hii macho yake hayakumpita. "Nifanyeje?"

Mkunga aliogopa, tena sana. Alitamani kumvuta mkono wakimbie. Badala yake alijifunga taulo.

"Muage," akasema. "Nakusubiri nje, usiharakishe."

Alikaa kwenye ngazi za juani, akisikia sauti ya fundi ikizungumza polepole na maji, bila kuyasikia maneno. Hakutega sikio. Baadaye ilinyamaza, na fundi akatoka peke yake, akaketi karibu naye mpaka mabega yakagusana.

"Amesemaje?" mkunga aliuliza.

"Ameuliza jina lako," alijibu. "Nikamtajia."