Mguu wa Kulia wa Audace

Siku Audace na Kethia walipokutana, ofisi ya leseni za udereva pale Arlington, Texas, ilikuwa imejaa mpaka watu wamekaa sakafuni. Ilikuwa Juni. Nje jua linachoma lami, ndani viyoyozi vinapuliza baridi ya kugandisha masikio. Karani mmoja, mama mnene mwenye kucha za zambarau, akainua bahasha iliyosahauliwa kwenye kaunta. Akajaribu kusoma jina, likamshinda. Akatafuta njia ya mkato: akasoma tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa juu yake, akapaza sauti akauliza nani humu ndani amezaliwa tarehe moja Januari.

Watu tisa wakasimama.

Kama hujui kwa nini, nikuambie. Ukitoka kambi ya wakimbizi hujui siku uliyozaliwa, au unaijua lakini karatasi ilipotelea njiani, wenye makaratasi wanakuandikia tarehe moja Januari, yaishe. Ndiyo maana Texas imejaa Wakongo na Warundi wa siku moja, na hakuna anayeshangaa ila makarani.

Karani akabaki mdomo wazi. Msichana aliyekuwa karibu na kaunta, amevaa sare ya kijani ya kituo cha kutunza wazee na kilemba cha kitenge cha manjano, akanyoosha shingo akalisoma jina bila kujikwaa: Ndayisenga Audace. Akajitokeza kijana mrefu mwembamba, kaptura ya timu na ndala. Paja lake la kulia lilikuwa nene kuliko la kushoto, jambo ambalo Kethia aliliona kabla hajaiona sura. Ndiyo, aliliona. Tusijifanye.

"Asante, dada," Audace akasema. "Na wewe ni wa tarehe moja?"

"Tena saa sita kamili za usiku. Mama aliangalia saa."

"Basi sisi ni mapacha."

"Mapacha hawaombani namba ya simu."

"Mbona sijaomba?"

"Utaomba sasa hivi. Nakungojea tu."

Akaomba. Kethia akampa, ila alimfanya aiandike mara mbili.

Kuanzia siku hiyo simu hazikupoa. Kethia alikuwa Mkongo wa Uvira, mama yake yuko Houston, yeye anakaa kwa shangazi Arlington kwa sababu ya kazi. Audace alikuwa Mrundi aliyekulia kambi ya Nyarugusu, na sasa anaishi Haltom City na mama yake, Mama Perpétue, mama wa Kikatoliki asiyekosa misa. Kethia ni mlokole, wa kanisa la kupiga magoti na kulia kwa sauti. Hilo nalo walitaniana. Audace alimwita Pacha, Kethia alimwita bébé, na shangazi alikuwa akikohoa chumbani kuonyesha kwamba anasikia.

Sasa kazi ya Audace. Mpira wao Wamarekani mnaujua: wanaume wamejifunga magodoro wanagombea kitu chenye umbo la papai, na miguu ni ya kukimbilia tu. Isipokuwa ya mtu mmoja. Huyo anaingia mara chache, anapiga mpira upite katikati ya nguzo mbili, anatoka. Akipata, wanamsahau. Akikosa, hata muuza petroli anamtukana. Audace alionwa na mwalimu wa sekondari akicheza soka nyuma ya maghorofa, akaambiwa jaribu hiki, na mguu ule ukampeleka mpaka chuo kikuu cha Fort Worth ambacho sitakitaja.

Mwaka huu chuo hicho kilisifiwa kila mahali. Mrushaji mpira amerudi, wakimbiaji wana mbio, walinzi wameshiba. Agosti nzima wachambuzi wa redioni walianza na sifa, wakamalizia na swali lile lile: lakini nani atapiga? Msimu uliopita timu ilipoteza mechi nne kwa mipira iliyopita pembeni ya nguzo. Mpigaji wa zamani alimaliza masomo akaenda zake. Wakabaki wawili: Sheldon, mtoto wa Fort Worth wa miaka kumi na minane, na Audace wetu, mwaka wa tatu, ambaye hajawahi kuingia uwanjani hata dakika moja. Kocha alisema atataja jina wiki moja kabla ya mechi ya kwanza, ambayo ingechezwa Houston.

Kethia hakujua sheria hata moja ya mchezo huo, ila kila jioni alitaka hesabu yake.

"Leo umepata ngapi?"

"Tisa kwa kumi."

"Na hiyo moja?"

"Nilikuwa nakufikiria."

"Vraiment, kweli? Basi unifikirie ukishavua viatu."

Mama yake Kethia, Mama Anastasie, alishakata tiketi za mechi hiyo. Alitaka amwone kijana huyu kwa macho yake, tena akiwa kazini, kabla hajakubali kumwita mkwe. Audace alilijua hilo. Alisema akipata nafasi, siku ile ile ya mechi atakwenda nyumbani kwa Mama Anastasie kujitambulisha rasmi. Kethia akaanza kutembea kama mtu anayesikia muziki.

Halafu mguu ukaharibika. Ilikuwa Jumanne, joto la kupika yai kwenye lami, Audace akipiga mpira wake wa thelathini. Akasikia kitu kinavutika ndani ya paja, karibu na kinena, kama nguo inayochanika mshono. Akamaliza zoezi akitabasamu. Jioni alimpigia Kethia kutoka kwenye gari, akamwambia hawezi kukanyaga vizuri, na kwamba akimwambia daktari wa timu atawekwa pembeni na Sheldon achukue nafasi.

"Nimekwambia wewe peke yako," akasema. "Hata mama hajui. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mimi?"

"Kethia. Apa."

Akaapa, na aliapa kwa moyo wote.

Sasa nitawaambia alichokifanya, na msiharakishe kumhukumu. Siku tatu alizunguka na siri ile. Kazini alikuwa akimlisha bibi mmoja uji huku machozi yanamdondoka, bibi akamfuta kwa kitambaa chake mwenyewe. Audace alikuwa anapiga mpira kwa vidonge vya maumivu, kila jioni sauti yake inazidi kuwa ndogo, na Kethia hakuwa na msaada wowote wa kumpa. Si dawa, si pesa, si mguu wa kumwazima. Alikuwa na kitu kimoja tu.

Kanisa la mama yake lina maombi ya simu. Kila alfajiri saa kumi na moja, waumini wanapiga namba moja, kutoka Houston mpaka Haltom City, watu wa zamu za maghala, watu wa hospitali, wengine wako barabarani wana-drive kwenda kazini. Mtumishi anaongoza, anauliza nani ana hitaji, mtu anafungua sauti anasema. Daima kuna mmoja amesahau kuzima sauti yake, unasikia mafuta yanakaanga. Ijumaa ile Kethia akafungua sauti. Akasema ana ombi. Hakutaja jina, na hapo ndipo alipojiona ametunza kiapo. Alisema ni kijana mmoja tu, Mrundi, anayepiga mpira kwenye timu ya chuo pale Fort Worth, ana maumivu ya paja la kulia na anayaficha, Bwana amguse.

Kijana mmoja tu, Mrundi, anayepiga mpira. Jamani. Wako wangapi?

Watu wakaomba wakalia. Mama Anastasie alisikika akipiga amina kuliko wote. Na kwenye laini alikuwamo Mama Josiane, mama mwema kabisa, anayepika kwenye kantini ya chuo kile kile. Saa sita mchana daktari wa timu alipofika na sahani yake, Mama Josiane akamwongezea kuku, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza amwangalie vizuri mtoto wetu Audace, lile paja, sisi tunamwombea. Mwanamke yule alidhani daktari anajua. Alidhani anasaidia.

Saa nane Audace alikuwa amelala kwenye kitanda cha vipimo. Msuli ulikuwa umechanika. Jumamosi kocha akalitaja jina la Sheldon, na redioni wakasema wasiwasi wa mguu umezidi, maana sasa timu imebaki na mtoto.

Audace alimpigia Kethia jioni hiyo hiyo. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomwogopesha.

"Ulimwambia nani?"

"Mungu," Kethia akasema.

"Na nani mwingine?"

Kethia akafunga mlango wa chumba, shangazi asisikie.

"Watu kama mia mbili," akasema.

Audace akakata simu. Kethia akapiga, haikupokelewa. Akatuma ujumbe kwamba alifanya kwa sababu anampenda, akautuma tena kwa maneno mengine, na tena, mara kumi na moja kwa jumla. Alipomaliza zamu Jumatatu ali-drive mpaka Haltom City na sare yake ya kijani. Mama Perpétue alimpokea vizuri, akampa chai ya maziwa na maandazi, akamuuliza habari za shangazi na za kazi. Kuhusu Audace alisema hayupo. Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Kethia akanywa chai yote kwa adabu, akashukuru, akaondoka, akalia kwenye maegesho mpaka jirani mmoja akaja kugonga kioo kuuliza kama anahitaji msaada. Hakuwa na msaada wa kuomba.

Jumamosi ya mechi Mama Anastasie hakukubali tiketi zipotee. Alivaa kitenge cha bluu chenye ndege weupe, na raba, akambeba binti yake kwenda uwanjani kama anavyopelekwa mgonjwa. Kethia alivaa gauni jeupe alilolinunua Julai kwa ajili ya siku hii. Saa tano asubuhi Houston ilikuwa inatoa jasho. Audace alisimama pembeni ya uwanja na fulana ya kawaida, bila jezi, mikono nyuma. Mama akauliza ni yupi. Kethia akaonyesha kwa kidole.

Sheldon alikosa mpira wake wa kwanza. Nyuma yao mzee mmoja akatukana. Mechi ikavutana, huku na huku, mpaka zikabaki sekunde nne na timu ya Fort Worth iko nyuma kwa pointi mbili. Yadi arobaini na moja mpaka kwenye nguzo, na mpira ukipita ni pointi tatu. Wakamwita mtoto.

Hapo Kethia hakujua atake nini. Sheldon akipata, nafasi ya Audace imezikwa. Akikosa, watu wote watasema yule Mrundi angepata, na yeye ndiye aliyemtoa. Aliinamisha kichwa aombe, akakuta hana cha kuomba. Mama yake akamshika mkono. Chini, Audace alikuwa amemwinamia Sheldon anamnong'oneza kitu, kisha akampiga mgongoni akamsukuma aende.

Mpira ukapanda, ukapinda, ukapita ndani ya nguzo ya kushoto kwa upana wa kiganja. Uwanja ukalipuka. Audace alikuwa wa kwanza kuruka, akatua vibaya, akajishika paja. Wenzake wote wakakimbilia katikati kumbeba Sheldon. Yeye akarudi kwenye benchi taratibu akakaa peke yake, anapiga makofi. Alipiga makofi mpaka hakubaki mtu wa kumpigia.

Kethia alimkuta nje, penye mabasi ya timu. Mama Anastasie alibaki kwenye gari, maana naye si mjinga.

"Ulimwambia nini yule mtoto?" Kethia akauliza. Ndilo swali pekee lililomjia.

"Nilimwambia avute pumzi."

Wakatazamana. Alikuwa amekonda. Kethia akamuuliza kama bado ana hasira.

"Hapana, Pacha. Hasira ziliisha," Audace akasema. "Ila sasa kitu kikiniuma nakaa nacho. Jana mama ameniuliza nimelalaje, nikasema salama, na sikulala. Nimekuwa mtu wa hivyo. Nikirudi kwako nitakuwa hivyo hivyo kwako pia, na mimi sitaki."

Kethia alitaka kusema kwamba anampenda. Lakini neno hilo alishalituma mara kumi na moja na halikufanya kazi. Wachezaji walikuwa wanapita wakiimba, wanamwita Audace apande. Akamsogelea kidogo.

"Na sasa hivi?" akauliza. "Unauma?"

Audace akatazama basi. Dereva alishawasha injini.

"Unauma," akasema. "Nikipanda ngazi naona giza. Daktari anawaambia watu miezi sita, lakini mimi nausikia mwenyewe. Hautarudi, Kethia. Nimeshapiga mpira wangu wa mwisho, na siku naupiga sikujua." Akatazama nyuma kama kuna anayesikia. "Hili sijamwambia mtu."

Kethia hakusema pole, wala hakusema Mungu yupo. Alimshika mkono tu, akaushika mpaka wenzake walipokuja kumchukua. Mlangoni mwa basi Audace akageuka akasema atapiga simu akifika, na Kethia akaitika kwa kichwa.

Kwenye gari Mama Anastasie alingoja mpaka wametoka kwenye foleni ya uwanja. Ni mama mzuri, anampenda binti yake, na tayari alikuwa amempenda kijana yule aliyempigia mwenzake makofi. Akapunguza kiyoyozi ili wasikilizane.

"Mguu wa mkwe wangu unaendeleaje?" akauliza. "Kesho alfajiri wataniuliza. Tuombe nini?"

Kethia hajawahi kumficha mama yake kitu, hata chupa aliyoivunja akiwa na miaka sita. Aligeuza uso dirishani, Houston inapita, machozi yanamshuka mpaka kwenye gauni jeupe.

"Hajaniambia, mama," akasema.